Nimeng'oa Mbao Zako za Plastiki

Mama Okoth,

Nimeng'oa deki yako, ile sakafu ya mbao nyuma ya jikoni. Nimeing'oa yote, kuanzia ngazi za chini mpaka ubao wa mwisho ulioshikana na ukuta wa jikoni, na sikumwomba mtu ruhusa. Najua ungekuwapo ungenirukia shingoni. Njoo basi unirukie. Nimekaa hapa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, mikono inaniuma, na hakuna wa kunitukana.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombania. Wewe ulikataa Kisamia changu miaka yote. Mimi Kidhopadhola chako nilikielewa, nikajifanya sielewi. Tukabaki na hiki cha soko na cha mpakani. Mimi niliyesomea upande wa Kenya nilikucheka ulivyosema "mimi nakwenda, wewe nakuja", nawe ukasema Kiswahili changu ni cha mtu wa forodha anayetafuta makosa kwenye mzigo. Leo natamani nikusikie ukikivunja hata kidogo.

Wandera, mume wetu, alikuleta hapa mchana wa Jumamosi, umebeba godoro kichwani na tumbo mbele. Hakuwa ameniambia kitu. Nilikuwa napepeta mtama. Nilikupiga kwa ungo, ungo ukapasuka, ukatupa godoro chini ukanipiga kwa kichwa. Jino langu la mbele liliondoka siku hiyo. Sikio lako la kushoto nililiuma mpaka nikasikia chumvi. Wandera akaingia katikati kutuamua, tukampiga sote wawili, akaenda kulala kwa ndugu yake. Ndivyo tulivyojuana. Mvua ilikuwa inanyesha ulipojifungua, ukamwita mtoto Okoth, na mimi ndiye niliyekata kitovu kwa sababu mkunga hakuweza kuvuka maji. Hata siku hiyo ulinipiga teke.

Tulipomzika Wandera tulipigana kaburini. Mchungaji alifunga Biblia akasubiri. Baadaye watu walisema tumepatana. Waongo. Tulichoka tu, tukaanza kugombana tumekaa.

Mabinti zangu, Auma na wadogo zake, walikuwa wameolewa ng'ambo ya mpaka, Okoth amekwenda kufanya kazi za ujenzi, tukabaki wanawake wawili na jiko moja. Nyuma ya nyumba ardhi inateremka kwenda kwenye kinamasi, na kila mvua kubwa maji yalituingilia jikoni. Ndipo Okoth alipokuja na gari la mbao zile. Alikuwa kwenye kazi ya kujenga hoteli kando ya ziwa, zikabaki, mwenye kazi akampa. Mbao za unga wa mti uliochanganywa na plastiki na kukandwa kiwandani, rangi ya chokoleti, na mistari ya uongo iliyochorwa juu ili mtu adhani ni mti. Akapiga nguzo, akapanga boriti, akatandika. Majirani wakaiita steji. Wewe ukaiita deki, kama mwanao, na ukatembea juu yake umevaa gomesi ya kanisani siku ya Jumatano.

Nilikuambia ni takataka. Kumbuka nilikuambia. Jua la mchana liliipasha mpaka tukatandika magunia ili tusiungue nyayo. Mvua iliponyesha iliteleza kama sabuni. Haukupita muda ikaanza kubonyea katikati ya boriti, rangi ikapauka ikawa ya majivu, kuvu nyeusi ikaota pembeni. Ndani zilikuwa na matundu kama mabomba, na nyigu wakahamia humo wakazaana. Kila nilipolalamika ulijibu neno moja: "Hii mchwa hapana kula. Mchwa nakula wewe."

Sasa niseme habari za siku ile. Wewe uliiona kwa upande wako, mimi nilikuwa mgongoni mwako. Nataka ujue nilichoona.

Shemeji yetu Egesa alikuwa amekitaka kiwanja hiki tangu kaka yake hajaoza. Malori yanayosubiri kuvuka yanapanga foleni mbele ya geti letu, na yeye alitaka kujenga ghala. Mara ya kwanza alikuja na wazee wa ukoo, ukawamwagia maji ya vyombo. Mara ya pili akasema mimi sina mtoto wa kiume na wewe huna ukoo, ukamwonyesha picha ya Okoth ukutani kisha ukamwonyesha mlango. Mara ya mwisho hakuja na wazee. Alikuja mchana kweupe na vijana wanne, nondo mikononi, na jerikeni ya petroli.

Ulikuwa kwenye deki unatwanga karanga. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa posho. Nilisikia mchi wako umenyamaza, kisha nikasikia ile sauti yako ya chini ambayo niliiogopa kuliko makelele yako.

"Egesa, mimi nakaa hapa. Mimi nakufa hapa."

Naye akasema, "Basi kufa."

Wa kwanza alipanda ngazi. Ulimpiga mchi kwenye goti, na sauti ya ule mfupa ilinifikia jikoni, kavu, kama kuni inayovunjwa. Wa pili akakukamata kilemba akakuvuta. Nilitoka na sufuria ya posho inayotokota nikambandika nayo usoni. Ngozi ya shavu lake ilikuja pamoja na posho. Sikujua kwamba mwanaume anaweza kulia hivyo. Ukapata nafasi ukasimama, ukarudi nyuma, na mimi nikarudi nyuma, na mgongo wako ukagusana na wangu.

Miaka yote ile hatukuwa tumegusana ila kwa kupigana. Mgongo wako ulikuwa wa moto, umelowa jasho, na ulikuwa unatetemeka. Nilidhani wewe huogopi kitu. Ulitetemeka, Mama Okoth, na hukuondoka. Ulizungusha mchi kushoto, mimi nikazungusha sufuria kulia, kila mmoja akilinda mgongo wa mwenzake. Kama wangekuwa watatu tu tungewashinda. Nasema hivyo kwa kila anayeniuliza.

Nondo ilitoka pembeni. Niliisikia ikipasua hewa kabla haijapasua kichwa chako. Mgongo wako uliteleza kwenye wangu ukaenda chini, na nyuma yangu pakawa na baridi.

Petroli aliimwaga Egesa mwenyewe. Kiberiti alikiwasha mwenyewe. Wasije wakasema mahakamani ni vijana. Mbao za kweli zingechelewa, zingetupa nafasi. Zile hazikuchelewa. Ziliwaka kwa moshi mweusi mzito, zikajikunja, zikayeyuka zikidondoka matone yanayowaka. Deki ilibonyea chini yako kama godoro. Nilikuvuta kwa mikono, na palipokuwa na ubao pakawa uji wa moto, ukanishika viganja. Ukakushika mguu. Nilikuburuta mpaka kwenye nyasi huku ngozi yangu ikibaki nyuma.

Watu walikuja. Vijana wa boda boda walimkamata yule wa shavu, na tairi lilikuwa limeshafika begani mwake polisi walipomchukua. Niliona yote. Sikusema waache, sikusema wachome. Nilikuwa nakushikilia kichwa kisifunguke.

Tulikupeleka hospitali ya Tororo kwa pikapu ya muuza samaki. Kichwa chako mapajani mwangu, kanga yangu imelowa damu mpaka imekuwa nzito. Tulipoanza kuliona lile jiwe la Tororo lililo kama mlima juu ya mapaa ulifungua jicho moja ukanitazama. "Mama Auma, wewe nalia? Mimi bado." Hilo ndilo neno lako la mwisho. Ulikuwa bado. Halafu, kabla jioni haijaingia, ukawa umekwenda.

Nilikuosha mimi. Wanawake wa ukoo walinitazama, mmoja akasema si vizuri mke mwenza aoshe mke mwenza, nikamwambia atoke nje kabla sijamtoa. Mikono ilikuwa na bandeji, nikaivalisha mifuko ya nailoni. Niliosha damu yote. Lakini ile plastiki ilikuwa imeingia kwenye nyama ya mguu wako, ngumu, nyeusi, imeshikana na mfupa. Nilijaribu kwa maji ya moto, nikajaribu kwa kisu. Haikutoka. Tumekuzika nayo. Tumekuzika kando ya Wandera, hapo chini ya mteremko, na kipande cha takataka ile kimo humo ndani pamoja nawe. Nilipoinuka pale nilikuwa nimeshaamua. Kilichobaki juu ya ardhi kitatoka.

Mchungaji alikuja kunishauri niuze kiwanja niende kwa Auma ng'ambo nikalee wajukuu. Alisema kwa upole, na chai yake akanywa. Jirani naye akasema mahali palipomwagika damu hapakaliki. Nusu ya deki ilikuwa bado imesimama, nusu imeyeyuka ikaganda kwa michirizi kama mishumaa. Jua likiwaka harufu ya siku ile ilirudi, ikaingia kwenye chakula, kwenye nguo, kwenye mto wangu. Mvua ikinyesha maji meusi yalitiririka mpaka karibu na kaburi lako.

Na Egesa akapewa dhamana. Hakimu alimwambia asikanyage kiwanja hiki wala asikaribie watu wake. Basi alikuwa anapita barabarani amekaa nyuma ya boda, taratibu, kama mtu anayekagua mali yake.

Okoth alikuja kwa mazishi akawa haondoki. Alikaa kwenye mlango wa jikoni na shoka la baba yake, ananoa kwa tupa. Asubuhi ananoa, mchana ananoa. Chakula nilimwekea kikapoa. Niliposema naye alijibu "ndiyo, mama mkubwa", kwa heshima ile ile uliyomfunza, na macho hayakuwa yake. Sikuhitaji kuuliza kwa nini shoka la kuni linoewe mpaka linyoe nywele za mkono. Mwanao alikuwa anakwenda kuua mtu, na alikuwa anasubiri tu siku ya kumaliza matanga ipite.

Nilichukua mtaimbo nikauweka mapajani mwake, juu ya shoka.

"Anza na hii," nikamwambia. "Hii ndiyo iliyomchoma mama yako. Ukimaliza hii tutazungumza juu ya yule."

Aliushika mtaimbo akaupima uzito. Kisha akasimama.

Ubao wa kwanza aling'oa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, sauti ya ng'ombe anayechinjwa. Aliutia mtaimbo chini yake, akauvunja vipande, akavikanyaga. Wa pili hivyo hivyo. Nyigu walitoka kwenye matundu wakamshambulia usoni, akaendelea. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu kabisa, zikakatika na kuruka, moja ikampasua kidevu, akaendelea huku damu ikidondoka kifuani. Mimi nilikuja nyuma yake na nyundo kubwa. Viganja vilikuwa havijapona, vilifunguka. Sikujali. Tulivunja, mama, tulivunja kile kitu kama kilikuwa na roho. Watu walisimama kwenye ua kututazama na hakuna aliyethubutu kuingia.

Chini yake tulikuta boriti zimeoza, panya na watoto wake, ndala yako moja, na zile karanga zilizomwagika siku ile. Zilikuwa zimeota kwenye tope, majani ya kijani kabisa. Okoth alipoziona alikaa chini akalia mara ya kwanza tangu afike. Nilimwacha alie. Nilikwenda kupika, akala.

Alitaka kuchoma mabaki. Nikakataa, moshi ule hautaingia tena kwenye kifua cha mtu wa nyumba hii. Tuliyapakia kwenye gari la takataka na nikayatemea mate.

Mwanao alifikiri tumemaliza. Akauliza nataka sementi? Nikasema sitaki sementi, nataka mti. Mti wa kweli ulioota, uliokunywa mvua, ambao ukikatwa unatoa harufu yake na si ya mtu mwingine. Wewe ulifia hapa ukisema unakaa hapa, kwa hiyo hapa patakalika.

Tulikwenda Petta kwa kaka yako Obbo. Nilijua ana mvule. Ule uliokuwa nyuma ya jiko la mama yenu, ulioangushwa na dhoruba, ambao ulitusimulia habari zake mpaka tukakuomba unyamaze. Alikuwa ameupasua mbao, akazipanga chini ya mabati na vijiti katikati ili upepo upite, miaka imekwenda, zimekauka vizuri. Zilikuwa za milango ya nyumba anayotaka kujenga. Obbo hakunipa mkono. "Huyu ndiye aliyemng'ata dada yangu sikio," alimwambia Okoth, kana kwamba mimi sipo. Nikasema ndiyo, ni mimi. Halafu akaona viganja vyangu. Alivishika akavigeuza, akavitazama, akavigeuza tena. Akaenda nyuma akaanza kuondoa mabati.

"Chukua zote," akasema.

Mama Okoth, huo ndio mti. Ubao mmoja ulihitaji watu wawili. Lori lilipita nao Tororo likashuka mpaka hapa likinung'unika. Mbao zilikuwa za rangi ya asali, na tayari zilianza kugeuka kahawia palipopigwa na jua. Okoth alichimba mashimo mapya, akasimamisha nguzo za mvule kwenye zege, akapanga boriti karibu karibu ili sakafu isibonyee hata akikanyaga tembo. Mti ule haukubali ubabe. Ukiupiga msumari unapinda, ukilazimisha unapasuka, lazima utoboe kwanza kwa drili kisha uingize skrubu polepole. Vumbi lake lilitufanya tupige chafya mpaka tukacheka. Siku moja msumeno ulitoa cheche katikati ya ubao, meno yakakatika, tukapasua tukakuta jiwe. Jiwe kabisa, jeupe, ndani ya mti. Okoth akasema mvule huwa hivyo, hujitengenezea jiwe mahali ulipojeruhiwa. Alisema tu kama fundi. Lakini niliona ameliweka mfukoni.

Mimi nilishika mbao, nikapima nafasi kati ya ubao na ubao kwa msumari, maji yapite na mti uweze kupumua. Nilipiga randa mpaka mabega yakafa. Shoka liliegemea ukutani. Siku nyingine hakulitazama. Siku nyingine alilitazama sana.

Tulikuwa tumefika nusu, mchana wa jua kali, Egesa alipoingia.

Aliingia kwa geti, amevaa shati jeupe la Jumapili, mikono mitupu. Nyuma yake watu wawili. Alisimama pale mwisho wa ubao uliowekwa, akatikisa kichwa.

"Shemeji, mnajenga kwenye kiwanja chenye kesi?"

Niliendelea kupiga randa. Akamgeukia Okoth, akalainisha sauti kama baba.

"Mwanangu, mama yako alilia kama mbuzi. Mimi nilimsikia. Wewe ulikuwa wapi?"

Okoth aliweka drili chini. Aliiweka kwa utulivu, akapangusa mikono kwenye suruali, akanyoosha mkono akalichukua shoka. Na Egesa hakurudi nyuma. Mtu anayeletewa shoka harudi nyuma? Hapo ndipo nilipomtazama mmoja wa wale wawili nikaona ameinua simu, anarekodi. Nikaelewa yote mara moja. Hakuja kupigana. Alikuja kupigwa. Okoth akimgusa, Okoth anafungwa, na kiwanja kinabaki na mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume. Kwa hilo yuko tayari kutoa hata damu kidogo. Hakujua tu shoka lilivyonoewa. Angekufa palepale, na mwanao angekufa gerezani.

Kulikuwa na kipande cha mvule miguuni mwangu, urefu wa mkono, kimebaki baada ya kukata. Nilikiokota. Okoth alikuwa hatua chache nyuma yangu. Nilimfikia Egesa kwanza.

Pigo la kwanza lilimpata mkono wa kulia chini ya kiwiko. Mvule hauna mchezo. Mkono ulipinda mahali ambapo mkono haupindi, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Pigo la pili nilimpa mfupa wa bega, ukalia, akaenda chini kwa magoti. Shati jeupe likawa na matope, kisha na matapishi. Nilimwinamia.

"Yule hakulia," nikamwambia. "Nilikuwa mgongoni kwake. Hakulia. Anayelia ni wewe."

Na alikuwa analia kweli.

Nikamgeukia mwenye simu. "Shika vizuri, mkono usitetemeke. Mimi ni Nabwire, mke wa kwanza wa Wandera. Nimempiga mimi. Huyu kijana hajamgusa." Nyuma yangu Okoth alikuwa amesimama na shoka juu, mdomo wazi. Nilimnyang'anya kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko. Alisema, "Mama mkubwa, umefanya nini?" Nikamwambia nimefanya kazi yake, sasa na yeye afanye ya kwake, sakafu haijaisha.

Polisi walikuja kunichukua. Nilipanda pikapu yao mwenyewe, sikusukumwa. Gari lilipoondoka nilimpigia Okoth kelele kwamba ule ubao wa karibu na mlango umepinda, autoe aurudie. Wanawake wa sokoni walilifuata gari mpaka kituoni, wakakaa kwenye nyasi nje, wakaimba nyimbo za kanisa mpaka wakubwa wakakasirika.

Askari aliyeniandikia maelezo alikuwa binti mdogo. "Bibi, unajua umemvunja mtu mkono?"

"Najua. Na wa pili niliufikiria."

Aliandika, kisha akafuta.

Ile video waliipeleka wao wenyewe polisi ili nifungwe, na ndiyo iliyomfunga Egesa kamba. Ilimwonyesha wazi yuko ndani ya geti, mahali alipokatazwa, anatoa maneno yale. Hakimu aliitazama akaondoa dhamana. Sasa yuko ndani na mkono wenye plasta, anasubiri kesi yako. Mimi nimeachiliwa, naripoti kituoni, na kesi yangu ipo. Nikifungwa, nitafungwa. Nimeshamwambia Auma aje akae hapa ikitokea hivyo, na amekubali. Kiwanja hakitalala peke yake.

Niliporudi Okoth alikuwa amemaliza. Alikuwa amefanya kazi peke yake, mbao zile nzito, sijui kwa nguvu gani. Ameutoa ubao uliopinda akaweka mwingine. Amepaka mafuta, sakafu yote inang'aa kama ngozi ya mtoto aliyeogeshwa. Hatukukumbatiana, sisi hatuna tabia hiyo. Aliniuliza kama nimekula. Nikavua viatu nikapanda. Haibonyei, mama. Haiunguzi. Unakanyaga na chini unasikia kuna kitu kinachokubeba. Nilitembea mpaka pale ulipoangukia, nikakaa. Nikalia kwa sauti, majirani wote wakasikia, na sikujali ni nani atasema nini. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Okoth alikuja akakaa kando, mgongo kwa ukuta, na tukakaa hivyo mpaka kuku wakaingia bandani.

Amerudi kazini juma hili. Shoka amenipa mimi. Napasulia kuni.

Huu mti hautunzwi kwa maneno. Okoth ameniachia kopo la mafuta na amesema kila mwaka kabla ya masika upakwe, usipopakwa utapasuka. Nitapaka. Nitapiga magoti, uzee huu, nipake ubao kwa ubao. Hiyo ni ahadi ya kwanza, na ndogo.

Ahadi kubwa ni hii. Kesi yako itaitwa karibuni. Nitakwenda, hata kama ni kwa kutolewa mahabusu. Nitanyoosha mikono nionyeshe viganja. Nitasema nani alimwaga, nani aliwasha, na nitalitaja jina lake polepole ili karani aliandike sawasawa. Watanichokonoa, watasema huyu alikuwa mke mwenza, walichukiana, walivunjana meno, ushahidi wake una thamani gani? Nitawaambia ni kweli. Sitakusafisha wala sitajisafisha. Nitasema nilipigana na Athieno, huyu mke mwenzangu, tangu siku aliyoingia na godoro kichwani, na siku ya mwisho nilipigana upande wake, na sijawahi kusimama na mtu kama nilivyosimama naye.

Nenda salama, Mama Okoth. Mwambie Wandera asiingie katikati.

Mwenzako,
Nabwire